Barua kwa Mhandisi: “Nilikuwa wa kwanza shuleni, sasa nina sapu mbili”

Vyuo vingi viko likizo ya katikati ya mwaka, na barua nyingi zilizonifikia safari hii zimetoka kwa wanafunzi waliorudi nyumbani na matokeo ya muhula wa kwanza mkononi, wengine wakiwa na sapu, yaani mitihani ya kurudia masomo waliyofeli. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa. Nilipoimaliza kuisoma ilibidi nisimame, nikakaa dirishani nikitazama ziwa kwa muda kabla sijashika kalamu.

Barua ya kwanza

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 21, kwetu ni Nansio, Ukerewe. Kidato cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) nikapata divisheni wani ya pointi 5, nikawa wa kwanza kwa wasichana shuleni. Nikachaguliwa kusoma uhandisi wa mitambo chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kozi niliichagua mwenyewe. Mwaka 2018 kivuko kilipozama Ukara tulimpoteza shangazi yangu. Nilikuwa bado shule ya msingi, nikajiapia kwamba nitasoma mpaka nijue ni kwa nini chombo kinapinduka.*

*Sasa matokeo yametoka. Nina D ya hisabati na D ya statiki, GPA 2.2. Mama, nilisoma. Nilikuwa nakesha. Pasti pepa za miaka mitano nilizimaliza zote na majibu yake. Nilipoingia kwenye pepa nikakuta maswali hayafanani na lolote nililosoma, mkono ukaanza kutetemeka. Darasani tuko 74, wasichana 9. Mhadhiri anaongea Kiingereza cha haraka, nanakili kilichoko ubaoni, nikifika hosteli sielewi nilichoandika. Karakana wavulana ndio wanaoshika vifaa, sisi tunapewa kuandika ripoti. Bumu la kwanza, ile hela ya mkopo ya kujikimu, nilituma nyumbani laki mbili na nusu kwa sababu ilikuwa mbalamwezi na mama hakuwa na dagaa wa kuuza, basi wiki za mwisho nikawa nakula mara moja kwa siku.*

*Nyumbani sijamwambia mtu kuhusu sapu. Mama ameshawaambia majirani kwamba mtoto wake ni injinia. Nafikiria kuomba kubadili kozi nikasome ualimu. Nifanyeje?*

Jibu

Marahaba mwanangu. Kwanza pole kwa shangazi yako. Mwaka ule wa 2018 nilikuwa hapahapa Mwanza, na nakumbuka mji ulivyonyamaza Septemba 20 habari za MV Nyerere zilipofika. Sisi wa ufuko huu tulikuwa bado na kidonda cha MV Bukoba, Mei 21, 1996. Kila familia ninayoijua ina mtu wake kwenye moja ya siku hizo mbili. Kwa hiyo ulipoandika ulichojiapia, nilikielewa bila kuelezwa zaidi.

Sasa nisikilize vizuri. Somo ulilopata D, statiki, yaani somo la nguvu zinazofanya kitu kitulie, ndilo somo la kile ulichojiapia. Hakuna somo jingine mwaka wa kwanza lililo karibu nacho kama hilo. Chombo kikiwa majini, uzito wote unakivuta chini kupitia nukta moja, na maji yanakisukuma juu kupitia nukta nyingine. Kikiinama kidogo, nguvu hizo mbili haziko tena kwenye mstari mmoja. Ama zitakirudisha kisimame, ama zitakimalizia. Ukipakia mizigo juu, ile nukta ya uzito inapanda. Abiria wakikimbilia upande mmoja, inahama nao. Hayo ni momenti tu, yaani jinsi nguvu inavyogeuza kitu kadiri ilivyo mbali, yaleyale ya sura za mwanzo za kitabu chako. Uliyafuata mpaka Dar es Salaam, ukakutana nayo yamevaa alama za Kigiriki, hukuyatambua. Nami sikuyatambua kwanza.

Niliingia chuo mwaka 1999. Nilipanda treni hapa Mwanza na begi moja na ndoo ya dagaa wa kukaanga ambao mama yangu alinifungia, nikashuka Dar es Salaam nikiamini kwamba fizikia naijua kuliko watu wengi. Testi ya kwanza ya statiki nikapata 6 kati ya 20. Nilikuwa nimeandika kanuni kila mahali, karatasi imejaa. Mhadhiri hakuniandikia maneno mengi. Kwa kalamu nyekundu aliandika swali moja pembeni: mchoro uko wapi?

Swali lile liliniuma, sikulielewa, nikaliacha. Likizo nikarudi nyumbani, nikaenda Igombe kwa mjomba wangu ambaye alikuwa fundi wa mitumbwi. Nimekaa kwenye mbao zake, nawaona vijana wawili wanapandisha kapu la sangara kutoka mtumbwini. Wamelining'iniza kwenye mti, mmoja ameushika mbele begani, mwingine nyuma. Kapu limeteleza likasogea kwa yule wa mbele. Akaanza kupiga kelele: “Rudisha nyuma, unaniua!” Yule wa nyuma hakuwa na haraka, kwake mzigo ulikuwa umeshakuwa mwepesi.

Pale pale nikachukua kijiti nikachora mchangani. Mti ni mstari. Bega la mbele mshale kwenda juu, bega la nyuma mshale kwenda juu, kapu mshale kwenda chini. Sema kapu lina kilo 60, mti una mita 3 kutoka bega hadi bega, na kapu limekaa mita 1 kutoka kwa wa mbele. Simama kwenye bega la nyuma uhesabu: 60 mara 2 ni 120, gawa kwa 3, unapata 40. Wa mbele amebeba 40, wa nyuma 20. Ndiyo maana alikuwa anapiga kelele. Jambo hilo nililijua tangu nikiwa mtoto, kila mtu wa Igombe analijua, aliye karibu na mzigo ndiye anayeubeba. Lakini chuoni nilikuwa narukia kanuni bila kuuona mti, wala kapu, wala mabega ya watu.

Mwanangu, tatizo lako liko hapo. Akili unayo. Pointi 5 za PCM hazikupatikana kwa bahati. Ila kidato cha sita kinakuzoesha kitu kimoja: ukiona swali, kumbuka ulipata kuliona wapi, kisha rudia hatua zilezile. Pasti pepa na majibu yake zinakuzoesha hivyohivyo. Uhandisi unakupa kitu ambacho hujawahi kukiona na kukuuliza kitasimama au kitaanguka. Kwa hiyo kukesha kwako kote kulikuwa ni kukariri majibu ya maswali ambayo hayatarudi.

Kuanzia sasa hivi, ukiwa huko Nansio, fanya hivi. Chukua swali la statiki, lisome, kisha funga kitabu. Kitenge kile kitu peke yake kwenye karatasi, ukiondoe kwenye ukuta, kwenye kamba, kwenye ardhi. Kila mahali kilipokuwa kinaguswa, weka mshale wa nguvu inayokigusa. Uzito wake usiusahau. Usiandike kanuni yoyote mpaka mishale yote iwepo. Ukishachora, jiulize kwa Kiswahili, au kwa Kikerewe kama ndicho unachokiota: hiki kitu kinataka kwenda wapi, na nani anakizuia? Kisha ndipo uandike hesabu, kwa Kiingereza cha mtihani. Usione haya kufikiri kwa lugha ya kwenu. Mimi mpaka leo, miaka zaidi ya 20 kazini, bomba likinisumbua nalijadili kichwani kwa Kisukuma kwanza, ripoti inafuata baadaye.

Maswali matano kwa siku yanatosha, ukiyafanya kwa mkono wako hadi mwisho na bila kuchungulia majibu. Ukikwama robo saa, weka alama mahali pale pale ulipokwama, endelea na jingine. Zile alama ndizo utakazompelekea mhadhiri au msaidizi wake. Mwanafunzi akienda ofisini na kusema “sijaelewa statiki”, hata mhadhiri mwenye moyo mzuri hajui aanzie wapi. Akienda na mchoro na kusema “nimekwama hapa, sijui mshale wa kwenye bawaba unaelekea wapi”, atasaidiwa kwa dakika tano. Niliwaogopa wahadhiri muhula mzima, na muhula ule ndio niliopata sapu.

Ndiyo, nami nilipata. Moja, ya statiki hiyohiyo. Niliifanya mwezi Septemba, nikaifaulu kwa C, maana sapu hata ukijibu kila kitu hupewi zaidi ya C. Haikunizuia kumaliza miaka minne, wala haikunizuia kusajiliwa kuwa mhandisi. Hakuna mwajiri aliyewahi kuniuliza kuhusu somo lile. Wewe una mbili, ni kazi zaidi, lakini una miezi mingi ya kujiandaa. Ukirudi tu, nenda ofisi ya kitivo uchukue kanuni za mitihani kwa maandishi: sapu zinafanyika lini, zinalipiwa au hapana, GPA isiposhuka chini ya ngapi huguswi. Usizipokee kanuni hizo kutoka kwa wenzako hosteli. Habari za kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, zinazozunguka vyumbani usiku zimewatisha wanafunzi wengi kuliko mitihani yenyewe.

Hisabati ni habari nyingine kidogo, kwa sababu haina mti wala kapu, au inaonekana hivyo. Kazi yangu mimi ni maji. Wewe umepita Mwanza mara nyingi, umeona nyumba zilivyojipanga juu ya mawe kule Mabatini na Bugando. Kila mita 10 unazotaka maji yapande, pampu inadaiwa karibu bar 1 ya mgandamizo. Nyumba ikiwa mita 80 juu ya pampu, ni bar 8 kabla hujahesabu msuguano ndani ya bomba. Hiyo ni kuzidisha tu. Lakini siku moja utaulizwa tenki litaisha baada ya muda gani, na hapo kuzidisha hakutoshi. Maji yakiwa mengi yanatoka kwa kasi, yakipungua kasi nayo inapungua, kwa hiyo huwezi kusema “kasi ni hii” ukagawanya. Kalkulasi ipo kwa ajili ya kitu kinachobadilika kadiri kinavyotumika.

Ijaribu hapo nyumbani. Tafuta ndoo ya zamani ya lita 20 ambayo mama hatailalamikia, toboa tundu dogo karibu na kitako, weka alama kwa ndani kila sentimita 5. Jaza maji, zibua, pima kwa simu muda wa kutoka alama moja hadi nyingine. Utaona kila alama inachukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Kina kikibaki robo, kasi ya maji kutoka tunduni inabaki nusu. Andika namba zako, kisha fungua daftari la hisabati kwenye milinganyo ya tofauti (differential equations) utafute ule mlinganyo unaozaa namba hizo. Utakapoupata, hutausahau tena.

Kuhusu disikasheni. Hukuniambia kama una kikundi, lakini nahisi unacho na kimekaa vibaya. Nimeviona vingi kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea: mmoja anayejua ameshika kalamu, wengine wanane wananakili, wanaondoka saa nne usiku wamechoka na wameridhika. Waliojifunza pale ni mmoja. Punguzeni wawe wanne, na kila swali kalamu ishikwe na yule asiyelijua, wengine wamwongoze kwa mdomo tu. Inachelewesha, na inauma kidogo kukosea mbele za watu, lakini hivyo ndivyo inavyoingia. Tena ndani ya kikundi hicho mtafute mmoja aliyetokea diploma ya ufundi. Hao hisabati huwasumbua kama inavyokusumbua wewe, lakini wamekwisha kushika mashine ambazo wewe unazisoma tu. Mtafaana.

Hapo kwenye karakana ndipo nilipokasirika, na hasira yangu si juu yako. Usikubali kufanywa karani wa kikundi! Mimi pia nilipewa daftari siku ya kwanza, nikaambiwa mwandiko wangu ni mzuri. Nikaandika ripoti mbili. Ya tatu nikamkabidhi mwenzangu daftari, nikachukua tupa, nikasimama kwenye jiliwa. Tulikuwa tumepewa kipande cha chuma tukifanye kiwe mraba kwa mkono. Unapiga tupa, unaweka skwea, unainua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya skwea na chuma, hujamaliza. Nilipiga siku tatu, viganja vikatoka malengelenge, mwanga bado unapenya. Siku ya nne haukupenya. Sijawahi kuupata ujuzi ule kwenye kitabu chochote: kujua kwa mkono jinsi chuma kinavyokataa, na sehemu ndogo ya milimita inavyoonekana kwa jicho. Wewe ni wa mitambo. Ukimaliza miaka minne bila kushika tupa, mafundi watakaokuwa chini yako watajua ndani ya saa moja. Sema mapema, kwa sauti ya kawaida: “Leo naanza mimi, ripoti tunaandika kwa zamu.” Wengi watakubali. Asiyekubali, mwambie msimamizi wa karakana, hiyo ni haki yako na umeshailipia ada.

Sasa bumu. Shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 60, ni laki sita. Ulituma laki mbili na nusu, ukabaki na chini ya 6,000 kwa siku kwa kila kitu, katika jiji la Dar es Salaam. Sishangai pepa lilikukuta unatetemeka. Njaa nayo hutetemesha mkono.

Sitakuambia usitume nyumbani. Najua dagaa anavyovuliwa. Usiku wa giza taa zinawashwa ziwani, dagaa wanafuata mwanga, mama anapata mzigo wa kuanika na kuuza. Mbalamwezi ikija, wavuvi wanakaa, na hela inakaa nao. Mama yako amekulea wewe na wadogo zako kwa kujua namna ya kuifikisha hela ya giza mpaka mwisho wa mbalamwezi. Mimi ningekuwa wewe ningekaa naye jikoni jioni moja na karatasi, nikamwonyesha: bumu hili ndilo giza langu, na mbalamwezi yangu ni siku 60. Halafu ningemwachia apange yeye, sado moja ya hela iende wapi, nyingine iende wapi. Ataelewa kuliko mshauri yeyote wa fedha. Mkubaliane kiasi ambacho hakitakunyima chakula. Kikiwa elfu hamsini, ni elfu hamsini. Siku bumu linapoingia, lipia kwanza chakula cha wiki mbili kwa mama lishe unayemwamini, wengi wanakubali.

Na jioni hiyohiyo mwambie kuhusu sapu. Najua ndilo gumu kuliko yote niliyoandika. Lakini mama anayeamka usiku kuanua dagaa kabla mvua haijashuka anajua maana ya kazi kuharibika na kuianza upya. Majirani watajua au hawatajua, hilo mwachie yeye. Mimi nilimficha mama yangu mpaka Septemba, na miezi yote ile kila aliponiuliza “masomo vipi?” kwenye simu ya kibandani, nilijibu “mazuri” nikatamani simu ikatike. Alipojua, aliniuliza tu kwa nini nilibeba peke yangu.

Ualimu ni kazi kubwa na nchi inauhitaji. Ungeniambia kwamba unapenda kufundisha, ningekusindikiza. Lakini barua yako haina hata sentensi moja ya kuupenda ualimu, ina sentensi nyingi za hofu. Rudi, fanya muhula wa pili kwa kuchora kwanza, fanya sapu zako, kisha Oktoba uniandikie tena. Kama wakati huo bado unataka kuhama, uhame ukiwa umeshaujua uhandisi. Na siku ukipanda meli ya Nansio kurudi chuoni, simama mahali utakapoona mizigo inapakiwa. Angalia wanaanza na nini chini. Toa daftari uchore.

Barua ya pili

*Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni mzee wa miaka 63, mkulima wa Sengerema. Kijana wangu yuko mwaka wa kwanza uhandisi wa ujenzi huko Mbeya. Daraja la Kigongo–Busisi lilipokuwa likijengwa alikuwa haishi kwenda kuliangalia, ndilo lililomfanya achague kozi hiyo. Sasa anataka kompyuta ya shilingi milioni 1.8, anasema bila hiyo hawezi kuchora. Nina ng'ombe wawili tu wa kuuza. Nimuuzie?*

Jibu

Shikamoo baba. Usiwauze wote wawili, na usiuze wiki hii.

Mwaka wa kwanza michoro mingi ni ya mkono. Anahitaji ubao wa kuchorea, T-skwea, seti skwea, kompasi nzuri, penseli ngumu na laini, na kikokotoo cha kisayansi kinachoruhusiwa kwenye mtihani. Hivyo kama hana, mnunulie hivyo kwanza, hata kwa kuku. Mkono ukishazoea kuona umbo kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, kompyuta inakuja kuongeza kasi tu. Nimefanya kazi na vijana waliokimbilia kompyuta mapema, wanachora mistari safi ya kitu kisichoweza kujengwa.

Muulize maswali mawili: ni programu gani, na inaanza kufundishwa muhula gani? Akijibu waziwazi, uza mmoja, atafute mashine iliyotumika lakini nzima, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kwa michoro ya kawaida, ripoti na programu za mwanzo inatosha kabisa. Programu nzito za kusanifu majengo zinakuja miaka ya mbele, na maabara za vyuo zina kompyuta. Akiagiza mtandaoni alipie akishaiona. Kijana mmoja ninayemfahamu alituma hela yote mapema kwa mtu asiyemjua, na mpaka leo hajaona kompyuta.

Na baba, akija likizo vuka naye daraja lile. Kilomita 3 za kuvuka ziwa, lilifunguliwa Juni 19, 2025, nasi tuliokuwa tukisubiri kivuko pale na mahindi ya kuchoma mkononi tunajua limetuondolea nini. Muulize zile nyaya zinazoshuka kutoka kwenye minara zinafanya kazi gani, na kwa nini minara ni mifupi hivyo. Mwache akueleze kwa Kisukuma. Ukimwelewa, anasoma. Usipomwelewa, mpe muhula mwingine umuulize tena.

Barua ya tatu

*Shikamoo mama mhandisi. Mimi ni kijana wa Nyakato, nimetokea diploma ya umeme, sasa niko mwaka wa kwanza wa shahada. Karakana na maabara sina shida, lakini hisabati za wenzangu wa PCM zinaniacha mbali. Naogopa kuuliza, wananiita “wa diploma”. Nifanyeje?*

Jibu

Marahaba kijana wangu. Soma jibu nililompa binti wa Nansio, wewe ndiye mtu niliyemwambia amtafute.

Darasani kwako naye yupo, mwenye A ya fizikia ambaye hajawahi kushika bisibisi na anaogopa kuuliza waya upi ni wa moto. Usisubiri akutafute. Kwenye maabara ijayo mwachie yeye mita ya kupimia, simama pembeni umwelekeze kwa mdomo. Jioni mkutane kwenye kimbweta, wewe ushike kalamu, naye akae pembeni akuelekeze. Anzeni na intigresheni za ukurasa wa kwanza kabisa, hata kama darasa limeshafika mbali. Nenda na karatasi nyingi.